Mwendo Wangu, na Siku Rehema Aliponiacha Nyuma

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu adhuhuri na sasa imebaki ya kudondoka tu kwenye mabati. Nimeoga, nimekunywa chai, nimekaa mezani na miguu yangu imenyooshwa juu ya kiti cha pili kwa sababu inauma mpaka nyonga.

Leo nimeona kitu, na nataka kukiandika kabla sijalala, maana najijua: nikiamka nitaanza kujiambia kwamba hakikuwa kikubwa kiasi hicho.

Kilikuwa kikubwa.

Nianze na ukweli usionipendeza. Mimi ni mkimbiaji wa polepole. Si ule upolepole wa watu wanaosema "mimi ni mzito kidogo" halafu unawaona wanakata kona na kupotea. Mimi nikikimbia, mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani anaweza kutembea kando yangu tukazungumza mpaka kwake. Nina miaka arobaini na sita. Kazi yangu ni ukarani kwenye yadi ya malori hapa Likoni, nakaa kitini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nikiandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Nilianza kukimbia kwa sababu daktari aliniangalia vipimo vya presha, kisha akaniuliza watoto wangu wana umri gani. Swali lile lilinitosha.

Nikajiunga na kikundi cha mbio cha mtaani kwetu Mtongwe. Kiongozi wetu ni mzee Tsuma, mstaafu wa jeshi la majini, tunamwita Kocha. Kila Jumamosi wenzangu walikuwa wakitoka pamoja nami, na kila Jumamosi nilikuwa nawaona migongo. Baada ya dakika tano hata migongo siioni.

Nilivumilia mwaka mzima na zaidi. Halafu zikaja zile mbio za kilomita kumi za Likoni, na wanaosoma shajara yangu hii mtandaoni watakumbuka niliandika kwamba nimeacha. Sikusema kwa nini. Leo nasema.

Nilipofika mwisho, meza za maji zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Wanaume wawili walikuwa wanalikunja bango la kumalizia, mmoja kashika ncha hii na mwenzake ncha ile, kama watu wanaokunja shuka iliyokauka. Nikapita katikati yao. Mmoja akaniambia, wala hakuwa na ubaya, "Pole mama, mbio zimekwisha."

Jioni yake mtu akatuma video kwenye kundi letu la simu. Ni mimi, kwa mbali, nikija peke yangu katika barabara tupu, nyuma yangu gari la wagonjwa linatambaa. Chini yake nyuso za kucheka, moja baada ya nyingine. Nilizihesabu na nilijua kila aliyezituma. Walikuwa watu wanaonipenda. Wawili kati yao walikuja kunisaidia kupika mama yangu alipofariki. Hawakukusudia kuniumiza, na ndiyo sababu iliniuma.

Nikajitoa kwenye kundi. Raba zangu nikazitia kwenye gunia, gunia nikalisukuma chini ya kitanda.

Zikapita wiki tatu. Siku moja saa ya chakula cha mchana Kocha Tsuma akaja mpaka langoni pa yadi, kavaa shati lake la kanisani, akaniitisha.

"Kadzo, raba zako ziko wapi?"

"Ziko chini ya kitanda, Kocha."

"Zitoe. Kuna mtu anakuhitaji."

"Mimi? Wa nini?"

"Kwa ajili ya mwendo wako."

Nilidhani amekuja kunicheka mpaka kazini. Nilimjibu vibaya, na nikasema maneno ambayo mtu hamwambii mzee kama yeye. Akasikiliza yote. Halafu akanielezea habari za Rehema.

Rehema ana miaka thelathini na nne. Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, na kabla ya hapo, alipokuwa msichana, alikuwa mkimbiaji hasa, wa mita mia mbili na mia nne. Presha ya macho ikamwingia bila kelele. Kwanza ilimwibia pembeni, akawa anagonga fremu za milango. Akadhani ni uchovu. Alipokwenda hospitali ilikuwa imebaki nafasi ndogo tu katikati, kama kutazama kwa tundu la ufunguo. Sasa hata tundu lenyewe limezibika. Ni miaka mitatu haoni kitu.

Alikuwa amemwomba Kocha amtafutie mtu wa kukimbia naye, na Kocha akampa wanne, mmoja baada ya mwingine, wale wenye kasi wa kikundi chetu. Wote walishindwa. Mmoja alimvuta mkono mpaka bega likamvimba. Mwingine alisahau kabisa kwamba kuna mtu ubavuni, akaruka mtaro peke yake.

Nikaenda kumwona. Kwao ni nyumba ya mawe karibu na kituo cha zamani cha kivuko, ukumbini kuna jamvi na cherehani. Nikamwamkia mama yake, "Shikamoo Mama," akaniitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyefurahia ugeni huu. Bi Mwanakombo, ndilo jina lake. Ni mwanamke mwembamba, mkono wake haubanduki begani kwa bintiye. Hata Rehema akinyoosha mkono kuchukua kikombe, mama ameshakishika kikombe.

"Nasikia wewe ni polepole," Rehema akaniambia.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu." Akacheka. "Polepole kiasi gani?"

"Juzi kuku amenipita."

"Alikuwa anakimbizwa?"

"La. Alikuwa anatembea zake."

Alicheka mpaka akajishika tumbo, na mama yake akageuka kumtazama kama mtu aliyesikia sauti kutoka chumba kilichofungwa zamani.

"Basi wewe ndiye ninayekutaka," Rehema akasema.

Tukaanza Jumanne iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa amekata utepe kwenye leso kuukuu, akafunga kitanzi kila mwisho, kimoja kwenye mkono wake na kimoja kwenye wangu. Yeye na hijabu yake fupi ya michezo na suruali pana, mimi na fulana ya kampeni ambayo hata mgombea mwenyewe ameshasahau kwamba aligombea.

Tulikwenda kama hatua mia hivi kimya. Halafu nikasema, "Angalia shimo!"

Akasimama. "Niangalie na nini, dadangu?"

Laiti ardhi ingenimeza. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuinama kwa kicheko. Alipopata pumzi akanifundisha kazi. Nimwambie kabla, si wakati wenyewe. Nisimwambie "hapa" wala "pale", kwake hakuna hapa wala pale. Nimwambie kushoto, kulia, panda, shuka, tuta, maji, mchanga. Na nisinyamaze. "Ukinyamaza," akasema, "barabara inakatika."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wale wanne walishindwa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanakimbia kasi mno, hawakuwa na pumzi ya kusema. Mimi kwa mwendo wangu wa kuku naweza kukimbia nikazungumza saa nzima. Kitu nilichokionea aibu miaka yote hii kilikuwa kimeniachia mapafu yaliyojaa maneno.

Nikasema basi. Nilisema kila kitu. Mwanzoni mashimo na mawe tu, kisha naye akaanza kutaka zaidi. Nani yule anayekaanga? Lori limebeba nini? Maji yamejaa au yametoka? Tukafika pale barabara inapoinuka na mkono wa bahari unaonekana kupitia mikoko, nikamwambia maji ni ya bluu.

"Bluu ya nini?" akauliza.

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo maishani. Nimepita pale tangu nilipoolewa, zaidi ya miaka ishirini. Ikabidi nitazame. Nikatazama kwelikweli, na nikaona kwamba ilikuwa bluu ya sare ya shule iliyofuliwa mara nyingi, na upande wa mbali, chini ya meli, kulikuwa na mstari mweusi ulionyooka kana kwamba umechorwa kwa rula, na juu ya mikoko majani machache yalikuwa yamegeuka manjano kabisa. Nikamwambia yote hayo.

"Asante," akasema. "Hiyo nimeiona."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na hofu kidogo. Mtu anawezaje kupita mahali miaka ishirini bila kupaona?

Tulikimbia hivyo mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Aliniambia mambo mengi njiani, na mimi nilimwambia mengine ambayo hata hapa sijayaandika. Moja aliloniambia sikulisahau. Alisema giza lenyewe si baya sana, mtu hulizoea. Kinachomchosha ni mikono. "Tangu macho yaende, sijawahi kuwa popote bila mkono wa mtu. Bafuni mama yuko mlangoni. Nikilala dada yangu yuko. Wananipenda, wallahi. Lakini nimesahau mwili wangu ukiwa peke yake unakuwaje."

Nilimwambia mimi pia namshika mkono. Akasema, "Wewe una utepe. Ni tofauti."

Wiki ya sita nikamwangusha.

Sitajitetea. Tulikuwa karibu na soko, nikamwona mwanamke niliyesoma naye ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka. Nikapunga mkono, nikageuza shingo, nikasema jina lake kwa furaha. Nilinyamaza kwa Rehema kwa muda wa hatua nne au tano. Bodaboda ilikuwa imeegeshwa kando, mpini umejitokeza. Nilisikia mlio, halafu utepe ukanivuta chini. Alikuwa amekaa kwenye lami, kidevu kimepasuka, damu inamwagika kwenye hijabu, na jambo la kwanza alilosema ni, "Umeumia?"

Kidevu kilishonwa. Nilimrudisha kwao mwenyewe. Bi Mwanakombo alimpokea mlangoni, akamwingiza ndani, akamlaza, kisha akatoka akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu nilikupa mzima."

"Nisamehe, Mama."

"Mzima, Kadzo. Kile kidogo kilichobaki kizima, nilikupa wewe."

Nilitembea mpaka nyumbani sikuona njia. Raba zikarudi kwenye gunia. Nikamwambia mume wangu, sasa nimejua, mimi si mtu wa kukabidhiwa mtu. Usiku wa Jumatatu simu ikalia. Ni Rehema.

"Kesho saa kumi na mbili niko mlangoni," akasema.

"Rehema, mamako…"

"Mama nitamalizana naye mimi. Nilikuwa naanguka kabla yako, dada. Nilianguka nikiwa na macho mawili. Saa kumi na mbili."

Akakata simu.

Nilikwenda. Mama yake alikuwa dirishani, hakunijibu salamu. Tulikimbia kwa mwendo ambao hata mimi sikuutambua, maana nilikuwa naogopa kila jani. Tukarudi salama. Siku ya pili vilevile. Wiki ya tatu Bi Mwanakombo akaitikia salamu yangu. Mwezi uliofuata akanipa chupa ya maji ya ndimu bila kusema neno, nami nikaipokea kama mtu aliyepewa hati ya shamba.

Sasa leo.

Kikundi kilikuwa kimepanga kilomita kumi zetu wenyewe, bila bango wala namba za kifuani, tukimalizia katika uwanja wa shule hapa Mtongwe. Ndiyo mara yetu ya kwanza, mimi na Rehema, kwenda kumi. Bi Mwanakombo alisema atakuja kutungoja mwisho. Hakuwa amewahi kuja.

Asubuhi ilikuwa nzito, mawingu yameshuka, joto la kabla ya mvua. Wenzetu wakatupita kama kawaida, kila mmoja akitugusa bega na kusema twende twende. Wale wale wa nyuso za kucheka. Nimewasamehe, na leo nimetambua kwamba nilishawasamehe zamani, sikuwa nimewaambia tu. Kilomita ya saba nyonga ikaanza kunikata. Ya nane Rehema akaanza kuimba kwa sauti ya chini ili nipate cha kushika. Tukaingia uwanjani watu wote wameshafika, wamekaa kwenye nyasi upande wa pili wanakunywa uji, na Bi Mwanakombo amesimama mbele yao, mwavuli mkononi.

Tulikuwa tumebakiza kuuvuka uwanja. Rehema akasimama.

"Hapa ni nyasi?"

"Nyasi."

"Kuna nini mbele?"

"Hakuna kitu. Uwanja mtupu. Watu wako upande ule, mamako kasimama mbele yao."

"Magoli?"

"Yako kulia na kushoto, mbali. Sisi tunakata katikati."

Akapumua. Halafu akanyoosha mkono wake wenye utepe.

"Niachilie."

Nilimwelewa mara moja, na nilijifanya sikumwelewa. Akarudia. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kidevu. Nikamwambia mamako ananitazama sasa hivi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kadzo," akasema, na hakuwa amewahi kuniita kwa jina bila kutia "dada", "ni uwanja mtupu. Lini tena?"

Nikamwambia angoje. Nikaivuka njia yote ile kwa miguu, kutoka aliposimama mpaka alipokuwa mama yake, macho chini kama mtu aliyeangusha pete. Nikaokota mawe matatu na kipande cha tofali. Kulikuwa na kijishimo, nikamsimamisha Kocha juu yake, nikamwambia usibanduke hapo. Kisha nikafika kwa Bi Mwanakombo.

"Mama, anataka kuja peke yake."

"Peke yake vipi?"

"Akimbie. Bila mimi. Aje kwenye sauti yako."

Akanitazama. Sijui nilikuwa nategemea nini. Labda aninyang'anye binti yake hapo hapo mbele ya watu, na angekuwa na haki. Macho yake yalikwenda kwa Rehema, aliyekuwa amesimama peke yake katikati ya kijani chote kile, mikono imening'inia, uso umeinuliwa kidogo. Watu walikuwa wameacha uji.

"Akianguka?" akauliza.

"Ni nyasi, Mama. Nimeiangalia njia yote."

"Nimwiteje?"

"Vile ulivyokuwa ukimwita."

Akaukunja mwavuli, akanipa. Akapiga hatua mbili mbele. Nikarudi kwa Rehema nikikimbia, kama kule kwangu kunaweza kuitwa kukimbia, nikamvua kitanzi mkononi. Kiganja chake kilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Halafu mama akaita.

"Rehemaaa! Rehema weee! Njoo nyumbani!"

Ilikuwa sauti ya kumwita mtoto arudi kutoka kucheza, ile sauti ya magharibi ambayo kila mmoja wetu aliwahi kuitwa nayo. Ilikuja moja kwa moja, haikutetemeka.

Rehema akaenda.

Nataka kuliandika hili sawasawa. Hatua tano za kwanza zilikuwa za mtu asiyeona: mguu unajaribu, mikono iko mbele. Ya sita mikono ikashuka. Ya kumi kiwiliwili kikainama mbele, magoti yakapanda, na mwanamke niliyekuwa nikikimbia naye miezi yote hii akaondoka ubavuni kwangu kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa macho yangu karibu hivi. Nyasi zilisikika. Hijabu ilibanwa nyuma na upepo wake mwenyewe. Hakuwa anakimbia kama mtu anayetafuta njia. Alikuwa anakimbia kama mtu anayeijua. Mama anaita, naye anakuja, mama anaita, naye anakuja, Kocha Tsuma kasimama juu ya kijishimo kaweka mikono kichwani, mdomo wazi.

Mimi nimesimama na utepe mtupu.

Kumbe alikuwa mwepesi hivi. Kumbe siku zote, kila Jumanne na kila Alhamisi, mguu ule ulikuwa ukijizuia uende na wangu. Mimi nilidhani ninamchukua. Alikuwa ananingoja.

Nilihisi mwili wangu wote umesisimka, nywele za mikono zimesimama. Niliwahi kuhisi hivyo mara moja tu, nilipomzaa mwanangu wa kwanza, mkunga alipomwinua na mtoto akafungua macho.

Bi Mwanakombo hakutoka mahali pake. Aliendelea kuita mpaka dakika ya mwisho, sauti sasa imekuwa ndogo, karibu kunong'ona, "Rehema, Rehema, nipo, nipo," na Rehema akaisikia ikishuka, naye akapunguza, akapunguza, akanyoosha mikono, wakagongana vifua wakaanguka wote wawili kwenye nyasi. Hakuna aliyekwenda kuwainua. Sisi sote tulielewa kwamba hawakuwa wameumia.

Nikabaki mimi, upande wa pili wa uwanja.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijamaliza. Nikaanza kuuvuka. Kwa mwendo wangu. Watu wote walikuwa wanamtazama Rehema, hakuna aliyenitazama, na nilikuwa sijawahi kukimbia kwa raha namna ile, bila mtu wa kumwelekeza, bila mtu wa kumfuata. Nilipofika Rehema alikuwa amekaa, nyasi kila mahali usoni, akageuka upande wa hatua zangu.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Niliweza, dada? Niliweza vizuri?"

Nilijaribu kumwambia. Mimi niliyesema njia nzima kwa miezi, mimi wa bluu ya sare, nilikosa neno hata moja. Nikakaa chini nikamshika mguu, ule mguu wenyewe, nikalia.

Baadaye, wakati wa uji, Kocha Tsuma akaniita kando. Akasema kwa upole kwamba kasi ile isipotee. Anamjua mwalimu mmoja anayefundisha wakimbiaji wasioona, ana viongozi wake wenye mbio na waliofunzwa. Rehema anafaa kwenda kwake. Nikasema ndiyo, anafaa. Nilisema haraka na kwa furaha, na furaha ilikuwa ya kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini yake, na kwa kuwa hii ni shajara yangu nitakiandika: niliogopa. Kwa miezi hii mwendo wangu ulikuwa na kazi. Mtu akiniuliza kwa nini unakimbia polepole hivyo, nilikuwa na jibu lenye heshima. Rehema akipata mwingine, nitabaki tena na mwendo wangu tu, usio na faida kwa mtu.

Rehema mwenyewe alisema atakwenda kwa mwalimu huyo na Jumanne zitabaki zetu. Nadhani alisema kweli. Lakini Jumanne ni moja, na wiki ina siku saba.

Watu wakaanza kuondoka, mawingu yalikuwa yamefika chini kabisa. Mume wangu akapiga simu kuuliza niko wapi. Nikamwambia nakuja. Nilikuwa nimeshafika langoni pa shule, mfuko begani, nyonga inaniwaka moto, nikageuka nikautazama uwanja. Ulikuwa mtupu kabisa sasa. Nyasi zilikuwa za kijani kile cha kabla ya mvua, kama kinachong'aa kwa ndani, na matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka mbali mbali, makubwa, naweza kuyahesabu.

Hakuna aliyeniomba. Hakukuwa na mtu wa kuniona wala wa kunicheka, na hakukuwa na mtu wa kumsaidia.

Nikaweka mfuko chini, nikauzunguka uwanja mzima mara moja, polepole, mvua ikinipata. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa chepechepe, na sikutaka kuacha.

Nikazunguka tena.